Maswali ya Wasomaji: Agatha Christie na Chumba cha Dawa Kilichozaa Riwaya

Katika toleo lililopita tuligusia riwaya za upelelezi kwa aya chache, tukamtaja Agatha Christie wa Uingereza kuwa ndiye mtunzi wa riwaya ambaye vitabu vyake vimeuzwa kuliko vya mwingine yeyote duniani. Barua zilizofuata, kutoka Mwanza mjini na kutoka pande nyingine za ziwa, zimetosha kuijaza safu nzima, nasi tumeona afadhali tuitoe kwake peke yake. Zilizofanana tumeziunganisha, na majina ya walioandika tumeyahifadhi. Jambo moja tuliseme mapema, kwa sababu karibu kila barua inalizunguka: wasomaji wengi wanadhani mama huyu alikuwa na akili ya kishetani iliyomjia yenyewe, ilhali maisha yake yanaonyesha mtu aliyejifunza kazi moja ya mikono kwa makini, kisha akaihamishia kwenye karatasi.

Swali: Shikamoo mwandishi. Mimi ni msichana wa kidato cha tano. Nimesoma kitabu kimoja cha Agatha Christie nilichoazimwa na dada yangu, nikashindwa kumtambua muuaji mpaka kurasa za mwisho. Ningependa kujua alisomea wapi uandishi, na alianzaje. (Mwanafunzi, Nyegezi)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hakusomea uandishi mahali popote, na hata shule ya kawaida hakukaa sana. Alizaliwa tarehe 15 Septemba 1890 katika mji wa pwani wa Torquay, kusini-magharibi mwa Uingereza, akiwa kitindamimba wa watoto watatu wa familia ya Miller. Mama yake alishika imani kwamba mtoto asifundishwe kusoma kabla ya kutimiza miaka minane. Agatha hakungoja, akajifundisha mwenyewe akiwa na miaka mitano hivi, kwa kufuatisha kwa macho hadithi alizokuwa akisomewa. Baba yake, Mmarekani aliyeishi kwa mapato ya urithi, alifariki mwaka 1901, na tangu hapo nyumba ikaendeshwa kwa kubana matumizi. Baadaye binti alipelekwa Paris kusomea piano na uimbaji, lakini aliona haya mno kusimama mbele ya watu, na ndoto ya jukwaani ikaishia hapo.

Kilichomtengeneza ni vita. Mwaka 1914, mkesha wa Krismasi, aliolewa na Archie Christie, ofisa wa kikosi cha ndege, na mumewe aliporudi vitani yeye akaendelea kuuguza majeruhi kwa kujitolea katika hospitali iliyofunguliwa mjini kwao. Kutoka wodini alihamia chumba cha dawa, na mwaka 1917 akafaulu mtihani uliompa haki ya kuchanganya na kutoa dawa. Enzi hizo dawa nyingi hazikuja zimefungwa kiwandani kama tunavyozinunua leo. Mhudumu alipima unga kwenye mizani ndogo, akausaga katika kinu, akauchanganya na maji au mafuta, akamimina, akabandika lebo, huku rafu zilizomzunguka zikiwa zimejaa chupa ambazo ndani yake tiba na kifo vilitenganishwa na kipimo tu. Kazi yenyewe ilikuwa na saa za pilikapilika na saa za kukaa kimya, na katika saa hizo za kimya akaikumbuka changamoto ya dada yake Madge, aliyewahi kumwambia kwamba hataweza kuandika riwaya ya upelelezi. Ndipo alipoamua: kwa kuwa amezungukwa na sumu, basi mtu katika hadithi yake atauawa kwa sumu.

Mpelelezi naye alimpata jirani. Torquay ilikuwa imepokea wakimbizi wa Ubelgiji, nchi iliyovamiwa na Wajerumani mwanzoni mwa vita, naye akajiuliza kwa nini shujaa wake asiwe mmoja wao: polisi mstaafu, mfupi, nadhifu kupita kiasi, mwenye kujisifu na kuyapenda masharubu yake. Hivyo ndivyo alivyozaliwa Hercule Poirot. Riwaya hiyo ya kwanza, The Mysterious Affair at Styles, iliandikwa mwaka 1916, ikakataliwa na wachapishaji kadhaa, na hatimaye ikatoka Marekani mwaka 1920 na Uingereza mwaka uliofuata. Alilipwa pauni 25 tu, tena kwa mkataba uliomfunga kumpa mchapishaji huyohuyo vitabu vingine vitano. Kwa masharti ya namna hiyo wengi wetu tungeweka kalamu chini.

Swali: Ndugu mwandishi, mimi ni mfamasia mwenye duka la dawa. Baadhi ya wateja wangu wanasema kwamba vitabu vya mama huyu vinafundisha watu kuua kwa sumu. Je, sumu anazozitaja ni za kweli, au ni za kubuni? Na je, lawama hiyo ina msingi? (Mfamasia, Igoma)

Jibu: Ni za kweli, ndugu yangu, na hapo ndipo anapowapita watunzi wengi wa fani yake. Watunzi wengine wa wakati ule walipenda sumu za ajabu zisizojulikana na sayansi, zinazoua papo hapo bila kuacha alama. Christie aliziona hizo kuwa ni udanganyifu. Yeye alitumia zile alizozipima kwa mkono wake: striknini, arseniki, sianidi, mofini. Dalili alizoziandika ndizo zilizomo katika vitabu vya tiba, na muda ambao sumu inachukua kufanya kazi ndio muda ambao mpelelezi wake anauhesabu anapouliza nani alikuwa wapi saa ngapi.

Riwaya ya Styles inategemea jambo ambalo wewe unalifahamu kuliko mimi. Sitalifichua lote, kwa kuwa wapo ambao hawajaisoma, lakini nikuulize: kwa nini baadhi ya chupa za dawa za maji huandikwa lebo inayomtaka mgonjwa aitikise kabla ya kutumia? Mtu aliyewahi kuchanganya dawa hizo anajua nini hutokea chini ya chupa isiyotikiswa, na anajua pia kwamba kuongeza chumvi fulani ndani ya mchanganyiko usiofaa kunaweza kubadilisha kilichomo bila rangi wala harufu kumshtua mnywaji. Msomaji wa kawaida anaipita ile chupa bila kuitazama, ingawa imewekwa mezani mbele yake tangu sura za mwanzo. Jarida la wafamasia wa Uingereza lilikisifu kitabu kwa usahihi huo, na mwenyewe alisema kwamba sifa hiyo ilimfurahisha kuliko nyingine zote.

Katika mafunzo yake alikutana pia na mfamasia mmoja aliyekuwa akitembea na kipande cha kurare mfukoni, sumu ile ambayo wenyeji wa Amerika ya Kusini hupaka ncha za mishale, kwa sababu, alivyomweleza, kilimfanya ajisikie mwenye nguvu. Mtu huyo hakumtoka akilini. Zaidi ya miaka arobaini baadaye alimtumia kama kiini cha mhusika katika riwaya ya The Pale Horse ya mwaka 1961, ambayo sumu yake ni thali, metali isiyo na ladha ambayo dalili zake hufanana na za maradhi mengi, isipokuwa moja inayoisaliti: nywele hunyonyoka.

Kuhusu lawama ya wateja wako, jibu langu ni kisa cha kweli kilichotokea London mwaka 1977, mwaka mmoja baada ya mwandishi mwenyewe kufariki. Mtoto mdogo wa kike aliletwa kutoka Qatar akiwa mahututi, na madaktari wakashindwa kuelewa kinachomuua. Muuguzi aliyekuwa akimhudumia alikuwa akisoma The Pale Horse wakati huohuo, akaona kwamba hali ya mtoto, pamoja na nywele zilizoanza kutoka, inafanana na ya wagonjwa wa kitabuni. Akasema. Vipimo vikathibitisha kwamba ni thali, ambayo nyumbani kwao mtoto ilitumika kuulia wadudu na panya, na mtoto akapona. Kisa hicho kiliandikwa katika jarida la kitabibu, na madaktari walimshukuru marehemu Agatha Christie kwa maelezo yake ya dalili. Waambie wateja wako kwamba vichupa vya sumu ya panya visivyo na lebo, vinavyouzwa barabarani kando ya mihogo na karanga, vinanitisha mimi zaidi ya maktaba nzima ya mama huyu.

Swali: Mwandishi, nilifanya kazi kwenye meli za ziwa hili mpaka nikastaafu. Mjukuu wangu anasema kwamba kaka wa Agatha Christie alitaka kuleta boti zake Ziwa Victoria. Ni kweli, au ni maneno ya vijana? (Mzee mstaafu, Mwanza)

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Mjukuu wako hakukudanganya, na kisa kinasimuliwa na Agatha mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, kilichochapishwa mwaka 1977. Kaka yake, ambaye nyumbani walimwita Monty, alikuwa mtu mcheshi, mwenye mipango mikubwa na mifuko mitupu, na mara nyingi mipango yake iligharimiwa na wengine. Muda mfupi kabla ya vita ya 1914 alizuka na wazo la kuendesha boti ndogo za mizigo katika ziwa letu.

Wazo lenyewe halikuwa la kijinga. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na bidhaa za ukanda mzima wa ziwa zikawa zinatafuta njia ya kulifikia behewa. Hata mizigo ya Mwanza, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Wajerumani, ilipitia huko, kwa sababu reli yetu ya kutoka Tabora haikufika hapa mpaka mwaka 1928. Mtu mwenye boti imara angepata kazi. Dada yao Madge, aliyeolewa na mtu mwenye uwezo, akakubali kutoa fedha, na boti iliyopewa jina la Batenga ikaanza kuundwa Essex, mashariki mwa Uingereza. Hapo Monty akawa Monty: badala ya kuharakisha kazi, aliipamba boti ya mizigo kwa anasa ambazo wewe, mzee, ungezicheka, na gharama zikapanda. Kisha vita ikazuka, Batenga ikauzwa kwa serikali kwa hasara, na mwenye mpango akajiunga na jeshi la King's African Rifles akapigana katika Afrika Mashariki hii hii.

Alirudi Uingereza baada ya vita akiwa na jeraha na afya iliyoharibika, pamoja na mtumishi wake Mwafrika, ambaye Agatha anamtaja kwa jina la Shebani. Madaktari hawakumpa muda mrefu wa kuishi, lakini alidumu miaka, akiwatoa jasho mama na dada zake, na mara nyingine akijifurahisha kwa kufyatua bastola kupitia dirishani karibu na wageni waliokuwa wakiikaribia nyumba. Alifariki mwaka 1929. Kwa maoni yangu, yule kijana wa familia nzuri, mwenye maneno matamu na madeni, anayejitokeza katika riwaya nyingi za Christie na ambaye msomaji hajui amhurumie au amshuku, hakutafutwa mbali.

Agatha mwenyewe hakufika kwetu. Safari yake ya kuzunguka dunia mwaka 1922 ilimpeleka Afrika Kusini na kumfikisha hadi maporomoko ya Victoria katika mto Zambezi, na riwaya yake ya mwaka 1924, The Man in the Brown Suit, ilitoka katika safari hiyo.

Swali: Nimesikia kwamba aliwahi kupotea kwa siku kumi na moja, Uingereza nzima ikamtafuta. Alikwenda wapi, na kwa nini? (Mama mfanyabiashara, soko la Kirumba)

Jibu: Mama yangu, hili ndilo swali lililokuja kwa wingi kuliko yote, nami nitalijibu kwa ufupi kuliko linavyotarajiwa, kwa sababu limekuwa likimfunika mwandishi mwenyewe.

Mwaka 1926 mama yake Agatha alifariki, na miezi michache baadaye mumewe akamwambia kwamba anampenda mwanamke mwingine, aitwaye Nancy Neele, na kwamba anataka talaka. Usiku wa tarehe 3 Desemba Agatha aliondoka nyumbani kwa gari, akamwacha binti yao Rosalind amelala. Gari likakutwa limetelekezwa kwenye mteremko huko Surrey, likiwa na nguo zake ndani. Polisi na maelfu ya watu waliojitolea walisaka vichakani na mabwawani, na Arthur Conan Doyle, baba wa Sherlock Holmes, alipeleka glavu ya Agatha kwa mpiga ramli, jambo linaloonyesha kwamba mambo hayo hayako kwetu pekee. Tarehe 14 Desemba alipatikana hotelini Harrogate, kaskazini mwa Uingereza, alikojiandikisha kwa jina la Bi Neele kutoka Cape Town. Familia ilitangaza kwamba amepoteza kumbukumbu. Yeye katika kitabu cha maisha yake hakuziandika siku hizo hata kwa sentensi moja.

Magazeti ya wakati ule yalimshutumu kwa kutafuta umaarufu. Mimi namwona mwanamke aliyefiwa na mama na kuachwa na mume ndani ya mwaka mmoja, na sioni fumbo kubwa katika kukimbia kwake. Kinachonivutia ni alichofanya baadaye. Talaka ilipotoka mwaka 1928 alipanda treni ya Orient Express peke yake kwenda Baghdad, jambo ambalo mwanamke wa tabaka lake hakutarajiwa kulifanya, na mwaka 1930, alipozuru tena machimbo ya mji wa kale wa Ur, akakutana na mwanaakiolojia Max Mallowan, aliyekuwa mdogo kwake kwa takriban miaka kumi na minne. Wakaoana mwaka huohuo na wakadumu mpaka kifo. Kwa miaka mingi aliandamana naye Iraki na Syria, akiandika asubuhi na kufanya kazi za machimbo mchana: kupiga picha, kuorodhesha vigae, na kule Nimrud kusafisha sanamu za pembe za ndovu zilizotoka ardhini, kwa sindano ya kufumia na krimu yake ya uso, kwa kuwa aligundua kwamba mafuta ya krimu hung'oa udongo kwenye nyufa bila kuidhuru pembe. Kutokana na miaka hiyo tulipata Murder on the Orient Express ya mwaka 1934 na Death on the Nile ya mwaka 1937. Aliyetalikiwa huyo, mama, hakukaa kulia.

Swali: Mwalimu mwenzangu wa fasihi, ambaye kwake hakuna mwandishi zaidi ya Kezilahabi wa kisiwani kwetu, anasema kwamba riwaya za upelelezi si fasihi bali ni mchezo wa kupitisha muda, na kwamba Christie hajui kuumba mhusika. Mnasemaje? (Mwalimu, Nansio, Ukerewe)

Jibu: Mwalimu, mwenzako hayuko peke yake. Mhakiki Mmarekani Edmund Wilson aliandika makala mwaka 1945 akiuliza ni nani anayejali nani alimuua Roger Ackroyd, mhusika wa riwaya mojawapo ya Christie, na tangu wakati huo wengi wamerudia swali hilo kwa maneno yao. Na ni kweli kwamba wahusika wengi wa Christie ni wepesi: daktari wa kijiji, kanali mstaafu, mjane tajiri, katibu mtiifu. Hutawakuta wakihangaika na maana ya kuishi kama wahusika wa Kezilahabi. Lakini wepesi huo una kazi. Msomaji anapomwona daktari wa kijiji anadhani ameshamjua, anaacha kumtazama, na mwandishi anafanya shughuli yake pale pale ambapo macho yameondoka. Silaha yake kubwa ni dharau tuliyonayo kwa watu wa aina fulani. Hakuna anayemwogopa mgeni wa Kibelgiji mwenye lafudhi ya kuchekesha, wala mtumishi anayepita na sinia, wala Miss Marple, bikira mzee wa kijijini aliyejitokeza katika riwaya kwa mara ya kwanza mwaka 1930, anayefuma sweta na kusikiliza. Kila mtaa wetu una mama wa namna hiyo, anayechambua dagaa kibarazani kwa utulivu na ambaye, ukimuuliza kwa adabu, atakueleza nani alirudi saa ngapi na kwa nini taa ya nyumba ya tatu haikuzimwa.

Jambo la pili ni uaminifu. Mwaka 1930 watunzi wa upelelezi wa Uingereza walianzisha chama chao mjini London, Detection Club, ambacho wanachama wake walikula kiapo, nusu kwa mzaha, kwamba wapelelezi wao watafumbua kesi kwa akili bila ramli wala bahati, na kwamba hawatamficha msomaji kidokezo cha msingi. Christie alikuwa mwanachama tangu mwanzo, na aliongoza chama hicho kuanzia mwaka 1957 mpaka kufa kwake. Riwaya yake ya mwaka 1926, The Murder of Roger Ackroyd, ilizusha ugomvi kwa sababu baadhi ya wasomaji waliona wametapeliwa. Dorothy L. Sayers, mtunzi mwenzake, alimtetea kwa hoja kwamba ni wajibu wa msomaji kumshuku kila mtu. Ninakuomba uisome mara mbili, mwalimu. Mara ya pili utaona kwamba hakuna sentensi ya uongo. Kuna sentensi zilizoishia mapema kidogo, na sisi hatukuuliza kilichofuata. Ufundi wa namna hiyo ukifanywa kwa vina na mizani tunauita ushairi wa mafumbo na tunaufundisha darasani.

Mahali ninapoungana na wakosoaji ni pengine. Katika vitabu vyake vya mwanzo Wayahudi na wageni wanasemwa kwa kejeli zisizo na hoja, na riwaya yake mashuhuri ya mwaka 1939 ilitoka Uingereza ikiwa na tusi la watu weusi katika jina lake. Wachapishaji wa Marekani walilikataa jina hilo na kuitoa mwaka 1940 kama And Then There Were None, ilhali Uingereza iliendelea kulitumia kwa miongo mingi. Hatuna sababu ya kumsitiri kwa hilo. Alikuwa mtu wa tabaka na zama zake, na jicho lililoona kila kitu mezani halikuona kila kitu duniani.

Mwishowe, mkumbushe mwenzako kwamba Kiswahili hakikungoja ruhusa ya wahakiki. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta Bwana Msa, mpelelezi anayefikiri kabla ya kukimbia, katika kitabu kilichotoka mwaka 1960, na Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Wapo wasomaji wengi wa rika langu waliojifunza kupenda vitabu kwa riwaya za namna hiyo, kisha wakafika kwa Kezilahabi wakiwa tayari na subira ya kusoma kurasa mia mbili.

Swali: Mimi ni binti ninayeandika. Ninataka kutunga riwaya ya upelelezi itakayotokea kandokando ya ziwa. Christie alipangaje kazi yake, na mimi nianzie wapi? (Msomaji, Sengerema)

Jibu: Binti yangu, alikuwa na madaftari ya kawaida ya shule, na zaidi ya sabini yamehifadhiwa. Waliyoyachunguza wanasema ni vurugu tupu: orodha ya sumu inafuatiwa na orodha ya vitu vya kununua dukani, kisha majina ya washukiwa waliopewa herufi, kisha swali kwa nafsi yake kuhusu nani afe. Daftari moja lilitumika kwa riwaya kadhaa, na riwaya moja ikatawanyika katika madaftari kadhaa. Hakuwa na ofisi kwa muda mrefu. Alihitaji meza imara na taipureta. Mipango mingi, kwa kauli yake, ilimjia akitembea au akiosha vyombo. Nakutajia haya kwa sababu wasichana wengi wanaoniandikia wanasubiri chumba cha kuandikia.

La kuiga zaidi ni jinsi alivyowafungia watu mahali. Katika Orient Express treni inakwama kwenye theluji, hakuna anayeingia wala kutoka, kwa hiyo muuaji yumo miongoni mwa walio ndani. Sisi hatuna theluji, lakini tuna magugu maji. Ifikirie ile miaka kabla ya daraja, kivuko cha Kigongo na Busisi kinazingirwa na magugu usiku, injini inazimwa, na ndani yake kuna mnunuzi wa sangara mwenye fedha taslimu, mchimbaji kutoka Geita, nesi, konda wa basi na bibi anayekwenda msibani. Au kambi ya dagaa kisiwani, ambayo mwezi ukiwa mpevu haifanyi kazi ya taa, watu wamebaki nchi kavu, wamechoshana, na kila mmoja anajua nani anamdai nani. Utahitaji ulijue jambo moja kwa undani kuliko msomaji wako, kama yeye alivyozijua dawa. Kama mjomba wako ni fundi wa injini za boti, kaa naye mpaka ujue ni hitilafu gani inaweza kusababishwa kwa makusudi ikaonekana ya bahati mbaya, na itaacha alama gani kwa anayejua kutazama. Hapo ndipo kesi yako ilipo. Mpelelezi utampata baadaye.

Swali: Kikundi chetu cha kusoma kina watu wanane. Amebakiza urithi gani, na tuanze na kitabu kipi? (Wasomaji, Musoma)

Jibu: Alifariki tarehe 12 Januari 1976 nyumbani kwake karibu na Wallingford, akiwa na miaka 85, ameacha riwaya 66 za upelelezi, mikusanyiko 14 ya hadithi fupi, tamthilia kadhaa, na riwaya sita za maisha na mapenzi alizozitoa kwa jina la Mary Westmacott. Nakala zilizouzwa hukadiriwa kufikia bilioni mbili, na vitabu vyake vimetafsiriwa katika lugha zaidi ya mia moja. Tamthilia yake ya The Mousetrap ilianza kuonyeshwa London mwezi Novemba 1952 na haikusimama mpaka janga la korona lilipofunga kumbi mwaka 2020. Mwaka uliofuata ikarudi. Haki za tamthilia hiyo alimpa mjukuu wake, Mathew, kama zawadi ya kutimiza miaka tisa, na sidhani kama kuna mtoto aliyewahi kupewa zawadi ya siku ya kuzaliwa iliyozaa zaidi.

Anzeni na The Murder of Roger Ackroyd, kabla hajatokea mtu wa kuwaharibia kwa kuwatajia muuaji, na wekeni sharti kwamba kila mmoja aandike jina la mshukiwa wake kwenye karatasi afikapo katikati ya kitabu. Kisha someni And Then There Were None, halafu mojawapo ya riwaya za Miss Marple. Curtain, ambayo aliiandika wakati wa Vita Kuu ya Pili akaifungia kwenye sanduku la benki mpaka mwaka 1975, iwekeni ya mwisho kabisa, kwa kuwa ndiyo kesi ya mwisho ya Poirot. Alipokufa mzee huyo wa kubuni, gazeti la New York Times lilichapisha tanzia yake ukurasa wa mbele.